Vidonge vya Mchana wa Ramadhani

Al-Suwaidi, Riyadh
8 Septemba 2024

Shangazi yangu Jokha,

Shikamoo. Vipi wewe na joto la Jeddah? Sisi wazima. Baba anakusalimu, anasema goti lake sasa linapanda ngazi bila kulalamika. Nimeona nikuandikie barua pepe, maana nikikupigia huwa unanikatiza.

Chuo ninachofundisha kimetangaza fedha za utafiti wa afya, na safari hii kuna sharti: mtafiti asiombe peke yake, aombe pamoja na watu wa jamii anayotaka kuichunguza. Nataka kuchunguza presha na sukari kwa Waswahili wa Jeddah. Bibi tulimzika kwa kiharusi, ami Hamad kakatwa mguu, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Nikawakumbuka wenzako mnaokutana Sharafiya kila Alhamisi. Maswali nimeshayatunga. Nahitaji tu ruhusa ya kutia jina la kundi lenu kwenye ombi kabla mwezi haujaisha.

Mwanao,
Safa

Sharafiya, Jeddah
11 Septemba 2024

Safa mwanangu,

Marahaba. Joto lipo, na sisi tumo ndani yake, alhamdulillahi. Mwambie kaka yangu Vuai asipande ngazi kwa kujionesha.

Nimewasomea wenzangu barua yako. Walifurahi mpaka nilipofika hapo uliposema maswali umeshayatunga. Bi Hana akanyanyua mkono: "Na damu yangu iko wapi?" Wewe habari hiyo huijui. Waliwahi kuja watafiti, wakatutoa damu sote, wakatugawia kofia na maji ya chupa, wakenda zao. Mpaka leo hatujui walichokiona.

Kwa hivyo jina letu mafi, kama wasemavyo Waarabu wa hapa: hakuna, halitoki. Ukitaka tushirikiane, njoo ukae nasi. Maswali tuyatunge pamoja. Wanaohoji watoke kwetu na walipwe, na majibu yarudi hapa kwa Kiswahili. Ukiona haiwezekani, bado u mwanangu, na kitanda chako kipo.

Shangazi yako,
Jokha

Al-Suwaidi, Riyadh
29 Septemba 2024

Shangazi,

Nakuamkia tena. Nimerudi salama, na abiria wenzangu wote wamewajua wale samaki wa kukaanga ulionifungia.

Maswali yangu hayakufika hata Ijumaa. Niliuliza mnakula nini, mkacheka, kwani kila kliniki imeshawauliza hilo. Halafu Bi Hana akasema, taratibu kabisa, kwamba kila Ramadhani huacha vidonge vya presha mwezi mzima, na hamwambii daktari asije akamkataza kufunga. Mwengine akasema, "Na mimi." Mwengine tena, "Na mimi." Na yule Keziah, Mkenya anayefanya kazi za ndani pale jirani yako, akasema: "Mimi ni Mkristo, sifungi. Lakini madam na watoto wote wakifunga, mimi nitakula saa ngapi, na nikule wapi? Hiyo dawa nikimeza tumbo ikiwa empty naona kizunguzungu. So naiacha tu."

Shangazi, miaka yote niliyosoma sikuwahi kulifikiria hilo. Ombi nimeliandika upya. Swali ni lenu, na jina la kundi limekaa sambamba na la chuo. Masharti yako yote yamo. Sasa tuombe dua.

Mwanao,
Safa

Al-Suwaidi, Riyadh
3 Aprili 2025

Shangazi,

Idi njema, na Mungu azipokee funga zenu. Baba kala kaimati za shira mpaka kaenda kulala kabla ya wageni.

Tumepata! Waliochagua wamelisifu swali letu kuliko yote. Lakini furaha yenyewe nimeila nusu. Daktari Murad, mkuu wa idara yetu, anataka fedha zote zibaki idarani na wahoji wawe wanafunzi wake. Anasema watu wasiosomea kazi hii watatupa majibu yasiyoaminika. Nikamwambia sivyo tulivyoahidi, na akishikilia hivyo mimi najitoa. Mkataba wangu wa kazi unakwisha Juni, na yeye ndiye wa kuuidhinisha upya. Sijamwambia baba. Hebu nishauri.

Mwanao,
Safa

Sharafiya, Jeddah
4 Aprili 2025

Safa mwanangu,

Idi njema nawe, na utulie. Usijitoe, usigombane. Mlete huyo Murad. Hajatuona, ataaminije? Ila mwambie asije na kofia.

Shangazi yako,
Jokha

Al-Suwaidi, Riyadh
18 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Tangu turudi kutoka kwenu, Daktari Murad anawaigiza wenzako idara nzima! Alipomwambia Bi Hana, "Nihoji mimi, tuone," na Bi Hana akamuuliza swali kisha akalijibu mwenyewe, mpaka mwisho, nilitamani ardhi inimeze. Lakini ndani ya ndege akaniambia, "Kuhoji hajui, lakini nilitaka kumweleza mambo yangu yote. Hilo siwezi kumfundisha mwanafunzi." Amekubali. Wanawake watafundishwa kwanza, watakaofaulu watalipwa, na fungu la kundi litakuja kwenu moja kwa moja. Mafunzo atayaendesha mwenyewe, na kasema hatambembeleza mtu. Mkataba wangu nao umepita. Nimemwambia baba kila kitu, kanipikia.

Mwanao,
Safa

Al-Suwaidi, Riyadh
12 Juni 2025

Shangazi,

Mbona kimya? Mafunzo yameshaanza, nilitarajia visa na mikasa. Simu yako inalia haipokelewi. Bi Hana kanijibu, "Yupo, kapumzika," basi. Bi Hana wa maneno mawili simjui mimi. Daktari Murad yuko huko huko, naye anasema wewe ndiwe utakayenieleza. Baba anazunguka nyumba nzima. Tafadhali neno moja tu.

Mwanao,
Safa

Jeddah
15 Juni 2025

Safa mwanangu,

Mimi mzima, nakuandikia kutoka kitanda cha hospitali. Usipige kelele. Nimewakataza wote wasikwambie mpaka niweze kushika simu mwenyewe.

Siku ya kwanza Murad alitaka mtu wa kuonyeshea namna ya kupima presha. Nikatoa mkono, mimi nisiyeumwa kichwa wala jino. Akapima. Akatazama mashine, akapima mkono wa pili. Nikamwambia mashine yake mbovu. Akasema, "Bi Jokha, yalla, tunakwenda hospitali," na somo likaishia hapo. Kwenye gari nikamtukana kwa Kiswahili, akawa anaitikia naam, naam. Huku wakaniambia ningechelewa kidogo tu, ningemfuata mama yangu kwa maradhi yale yale.

Keziah kaniletea uji leo. Kaomba ruhusa kwa madam wake, akapewa. Nikitoka, mafunzo naendelea nayo.

Shangazi yako,
Jokha

Sharafiya, Jeddah
24 Februari 2026

Safa mwanangu,

Ramadhani karim. Mfungo unatuendea vizuri, na kaka yangu umzuie kwenye kaimati.

Tangu uje Januari kutusomea majibu, watu hawajaacha kuyazungumza. Kweli asilimia zako zilituchosha, lakini lile jambo kubwa wamelishika: usiache dawa kwa siri, muulize daktari mapema. Wengi wamebadilishiwa saa, wanameza wakifuturu na wakila daku, wanafunga vizuri tu. Keziah tulimsindikiza kwa madam wake tukazungumza, sasa ana meza yake ndogo chumbani na hakuna anayemuuliza kitu.

Sisi wawili, mimi na Hana, tumekatazwa kufunga kabisa. Sheikh naye kasema tutoe chakula kwa maskini, na tunatoa. Lakini mwanangu, tangu utotoni sijawahi kula mchana wa Ramadhani mbele ya mtu. Siku za mwanzo nilimeza vidonge na tende, nikiupa mlango mgongo.

Jana adhuhuri Hana akaja. Kumbe naye kwake hula hivyo hivyo, kwa kujificha. Nikashusha pazia la jikoni, nikapasha wali, tukakaa tunautazama. Tonge la kwanza nililirudisha sahanini. Hana machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka. Kisha akatafuna, akasita, akasema, "Jokha, na chumvi yote hii! Kwani daktari kakukataza kufunga tu, chumvi kaiacha?"

Tulicheka mpaka nikashika meza. Nikammiminia maji, tukasema bismillahi, tukameza vidonge vyetu pamoja, halafu tukaumaliza wali.

Shangazi yako,
Jokha