Shikamoo Niliyompa Mshambuliaji

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Haneti hatujambo, bibi yako anapura uwele na anakusalimu. Unauliza kama nami niliwahi kupagawa na mtu maarufu, jinsi wewe ulivyopagawa na mwimbaji unayetaka kwenda kumwona. Sana! Ujanani nilimsikia mshambuliaji mmoja wa mpira akitangazwa redioni, nikampenda hata ng'ombe wangu wa kulimia nikampa jina lake. Siku moja basi la timu yake likapata pancha hapa kijijini. Rafiki yangu Yohana akanisukuma mbele ya mchezaji huyo. Nikatamka, "Shikamoo!" Kijana niliyemzidi umri! Naye akaitika, "Marahaba, kaka."

Mchezaji yule alishanisahau. Lakini Yohana, mpaka leo, kila asubuhi akipita hapa na mkongojo wake, hunipigia kelele "Marahaba!" kabla sijafungua mdomo. Asipopita, siku hainogi.

Kamwone huyo mwimbaji wako, mjukuu wangu. Ila uende na rafiki.

Babu yako