Ukurasa wa Papa Wasio na Mikia

Baba,

Sijui kama inafaa kukuandikia habari za kazi, ilhali hata mwaka haujaisha tangu tukuzike nyumbani Kendu Bay. Lakini nina jambo ambalo limenikosesha hamu ya chakula, na wewe tu ndiye ungelielewa upesi.

Mama anaendelea. Magugu yamefunika ziwa mpaka mashua zinasukumwa kwa miti. Mimi niko Kidato cha Pili, hapa shuleni Asumbi, na nasoma kwa bidii.

Bi. Zuhura, mliyefanya naye utafiti kule pwani, aliandika kuomba madaftari yako ya papa. Anasema wakubwa wake wameuliza papa jike aachwe mpaka afike urefu gani, ili awahi kuzaa kabla ya kuvuliwa. Anataka kuwajibu kwa vipimo vyako. Mama alifurahi, kisha akalia. Nilipoenda nyumbani mapumziko ya katikati ya muhula, akaniambia niyafunge vizuri nikayatume. Nilipokuwa nayafunga nikafungua lile la kijani, nikakuta mwandiko wangu.

Unakumbuka likizo uliyonipeleka? Wavuvi walikucheka ulipotoa futi yako: "Haya, fundi wa bara kaja! Leo papa anashonewa suti!" Nawe ukawajibu, "Basi mnisaidie kumnyoosha, nisije nikamkosea kiuno." Wakacheka, wakakusaidia. Ulinifundisha kupima kutoka puani hadi ncha ya mkia. Lakini mara nyingi mkia ulikuwa umeshakatwa pamoja na mapezi, mnunuzi akiyasubiri. Papa wa namna hiyo ulimpima mpaka pale kisu kilipopita, halafu ukaweka kitone kando ya namba. "Bila kitone, nyara, mwanangu, tutakuwa tumemfanya binti wa watu mfupi kuliko alivyo."

Siku ya pili wewe ulishika futi, mimi kalamu. Wavuvi wakampasua jike wa kwanza, watoto wake wakateleza mchangani, mmoja bado anajikunja. Nilisikia kichefuchefu. Uliita namba, nami nikaandika huku nikitazama pembeni. "Umeweka vitone?" ukaniuliza. Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Sikuweka. Namba zote za alasiri ile, majike wenye mimba watupu, hazina hata kitone kimoja.

Na ni wewe uliyenieleza, tukinawa mikono, kwamba papa si kama mbuta wetu wa ziwani anayemwaga mayai yasiyo na idadi. Papa huchelewa kukomaa, na watoto wake ni wachache. Sasa watu wakisoma ukurasa wangu wataamini kwamba papa mfupi vile tayari ni mama. Wataruhusu wavuliwe ambao hawajazaa hata mara moja. Na daftari lina jina lako.

Lakini nikisema, labda ukurasa wote utatupwa, na hakuna mwingine wenye majike wengi hivyo. Nilimwambia Baba Mdogo. Akaniangalia sana. "Akinyi, marehemu hajitetei. Ukinyamaza, nani atajua? Ama unataka waseme ndugu yangu alikuwa anaandikiwa kazi na mtoto wa shule?" Hilo liliniumiza kwa sababu ni kweli, Baba. Ulikuwa unaandikiwa na mtoto wa shule.

Nilienda Homa Bay nikapiga simu kutoka kwenye kibanda cha simu. Bi. Zuhura akasema, "Haloo? Haloo, nani mwenzangu?" Nikakata.

Nikaketi kwenye ngazi za posta nikamwandikia. Nilimweleza yote. Nilimwambia kwamba naweza kumwapia papa mmoja tu, yule aliyepasuliwa kwanza: mkia wake ulikuwepo, maana niliukanyaga nikirudi nyuma. Wengine sijui, na sitaki kubahatisha. Nikatia sahihi yangu, si yako, nikaiweka barua juu ya madaftari nikayafunga tena. Mhudumu alipogonga muhuri nilitamani kumwambia anirudishie. Nikalipa, nikatoka.

Wiki tatu zimepita. Hapa shuleni mwalimu akianza kusoma majina ya waliopata barua, natega sikio. Nikisikia jina langu halimo, napumua, halafu naogopa upya. Labda wameudhika. Labda wanasema hata kurasa zako nyingine haziaminiki. Hizo ni safi, Baba, nimezikagua moja moja. Nilimwandikia hilo pia, nikalipigia mstari.

Mama hajui. Bado anawaambia wageni kwamba daftari la mume wake litaokoa samaki wa baharini.

Tunafunga shule Ijumaa. Kwaheri, Baba, pumzika. Nakuahidi kwamba nikifika nyumbani nitamwambia Mama kabla sijatua sanduku, asije akalisikia kwa watu wa mbali. Na wakisema lazima majike wengine wapimwe badala ya wale wa alasiri ile, nitaomba niwapime mimi.

Binti yako,
Akinyi