Chupa Uliyoimwaga Siku ya Wakwe

Johannesburg,
Jumapili jioni

Tata, baba yangu, shikamoo.

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa penye mwanga, maana najua miwani yako inakusumbua na hupendi kusomewa na mtu mwingine. Kifua kinaendeleaje? Mama anasema kikohozi cha alfajiri kimepungua, lakini Mama husema hivyo hata mtu akiwa anakohoa mbele yake. Niambie wewe mwenyewe. Kahawa mmeshaianika? Migomba ya bondeni imesimama baada ya ule upepo? Mimi huku sijambo, baridi tu ndiyo inayonionea, na nimeshazoea kulala na soksi.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hushindana nani akate kwanza, na siku zote unashinda wewe.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana watu wa kwetu Nyaishozi wakiulizwa nafanya nini husema niko kiwandani, basi. Tunatengeneza maji ya sigara za umeme, yale ambayo kile kifaa huyachemsha hadi yawe mvuke. Sehemu kubwa ya maji hayo ni glisirini ya mimea. Hutolewa kwenye mafuta ya mimea, lakini yenyewe si mafuta tena: inachanganyika na maji, ni nzito kama asali, ina utamu kidogo, na ndiyo inayotoa ule mvuke mwingi. Mimi ndiye ninayepima. Pipa likiingia nasoma karatasi yake nione kama ni glisirini safi ya kiwango cha chakula na dawa. Likikosa karatasi halifunguliwi, hata bosi anune. Hivi karibuni mkubwa wetu, mama mmoja aitwaye Thandeka, alinikabidhi meza nzima ya kuchanganyia, na sasa watu wananisubiri mimi niseme ndiyo. Najisifu, Tata. Ukoo wetu haujawahi kuona haya kujisifu, na wewe unajua umeturithisha nini.

Sasa nije kwenye ile wiki ya posa ya Domina. Upande wako unaujua, wangu huujui.

Jumatano Deus alinipigia akicheka. Alisema wazee wa Kaisho wanakuja Jumamosi kumposa mdogo wetu na wewe umewaandalia maajabu. Mjomba alikuwa amekuachia sigara yake ya umeme, maji yakaisha, ukasema jambo dogo hilo. Ukanunua glisirini ya kupaka pale Omurushaka, ukakaanga kahawa yetu kwenye samli, ukachuja, ukachanganya, ukajaza chupa. Wageni wakifika, badala ya kuwapa kahawa ya kutafuna kama inavyofanya kila nyumba, wewe utawapitishia kahawa ya kuvuta. Deus alisema nyumba nzima inanukia.

Mimi sikucheka. Nilikaa juu ya ndoo. Nilijua mara moja wazo la samli limetoka wapi. Bibi alikuwa akiifukiza samli kwa miti ya harufu nzuri na kuwapaka maharusi, wananukia hadi wiki iishe. Kwetu, harufu ukitaka ikae unaipa samli iishike. Watu wa huku wana makosa yao mengi, ila hilo wasingeliweza. Hilo linataka Mnyambo kama wewe.

Lakini ngozi si mapafu, Tata. Mafuta yakivutwa pamoja na mvuke yanaenda kukaa ndani ya kifua, na mtu anaweza kuugua kama mwenye nimonia. Hata glisirini yenyewe, ya kupaka huwa ina manukato na vikorombwezo vyake, na hakuna aliyeipima kwa ajili ya kuvutwa. Nikawaona wale wazee wa watu, wamekuja na heshima zao kuomba binti, halafu wanarudi Kaisho wakipaliwa. Nikakuona na wewe. Wewe hasa.

Nikakupigia. Nilianza kwa ukali, ukanijibu kwa ukali zaidi: “Umeanza lini kunifundisha kuvuta? Nilikuwa navuta mama yako hajanijua.” Ukakata.

Deus naye akaja na lake. “Dada, niache niimwage kimyakimya. Nitasema ni paka.” Nikamwambia thubutu. Baba yetu hasingiziwi paka. Chupa hiyo ikimwagwa, itamwagwa na mwenye nayo.

Ijumaa jioni nikapiga tena. Safari hii nilikuamkia vizuri, nikakuomba unieleze ulivyopika. Ulieleza kwa raha, ukasahau kwamba umenuna, na kwa kweli ile kahawa ulivyoisimulia hata mimi niliitamani. Nikakuomba umimine kidogo kwenye glasi, uiache dirishani hadi asubuhi. Asubuhi ukapokea simu wewe mwenyewe.

“Samli imepanda juu, imeganda,” ulisema. “Nitaiengua tu, si kitu.”

“Tata, na kifuani nani ataengua?”

Ukasema wageni wako njiani, ukakata.

Siku ile nilifanya kazi kama mgonjwa. Nilipima, nikasahau, nikapima tena. Thandeka aliniuliza kama nimefiwa, nikamwambia bado sijui.

Deus alipiga mchana, nyuma yake nasikia watu wanacheka na Mama anaamrisha sahani. Akanisimulia. Kwamba uliitoa chupa, ukaisimamisha mbele ya wazee, ukawaambia: “Wakwe zangu, hii nilikuwa nimewapikia, na nilitaka mkaisimulie Kaisho. Lakini binti yangu mkubwa, yule aliye mbali, hii ndiyo kazi yake. Amesema hapana. Nami nimemsikiliza.” Ukatoka nayo mwenyewe hadi chooni, ukaimwaga, ukarudi na kikapu cha kahawa ya kutafuna kama baba yako alivyofanya.

Nililia pale kwenye meza yangu mpya, glavu mikononi, hata kujifuta siwezi. Thandeka alipouliza nilimwambia baba yangu amenisikiliza mbele ya wakwe. Akasema vizuri, akaendelea na kazi. Hakuelewa, na simlaumu. Baba wa kwetu asimame mbele ya wazee wa upande wa pili aseme binti yake amemkataza, naye amekubali! Ulinitetea kwa kazi ambayo hujawahi kuiona hata kwa picha, ndiyo maana leo nimekueleza. Najivunia meza hii, Tata, lakini wewe nakujivunia zaidi.

Nasikia mzee mmoja wa Kaisho aliuliza kama huyo mkubwa naye ameshaposwa. Mwambieni ng'ombe wake hawatoshi.

Glisirini iliyobaki usiitupe, mpe Mama apake miguu, kazi yake ndiyo hiyo. Na kile kifaa mrudishie mjomba. Hata haya maji yetu yanayopimwa kwa mizani si dawa, na mimi ninayeyachanganya siyavuti.

Nisalimie Mama, mwambie nimesikia alivyowalisha wageni ndizi na nyama hadi wakaomba kupumzika. Domina mwambie asijifanye mtu mzima, bado ni mdogo wangu. Deus namshukuru, ila hadithi za paka aache. Shangazi wa Igurwa mpe shikamoo yangu, na watoto wake wote.

Swali lako nimeliacha mwisho kwa sababu liliniogopesha. Deus anasema wageni walipoondoka ulimwita pembeni, ukamwambia: “Mwulize dada yako, na tumbaku nayo anaikataza?” Anasema hukuwa unatania, na ulisimama ukisubiri kana kwamba nitajibu palepale. Nimezunguka na swali hilo wiki nzima. Mtoto hamkatazi baba yake. Lakini umeuliza mwenyewe, na umeuliza mtu mwenye kazi yake.

Ndiyo, Tata. Naikataza.

Mwanao anayekupenda,
Kokushubila