Chuma Bila Randa

Michiyo, sikia. Nimetoka kumpelekea mdogo wangu Shinpei chakula kazini.

Mashine ya randa ya betri ilikuwa imeacha mawimbi kwenye nguzo ya sebule. Kuwabara, mkuu wa mafundi, akamwambia, "Lete randa ya mkono ya marehemu baba yenu. Ile haiachi alama."

Shinpei akafungua kitambaa. Ndani mna chuma chake cha kukatia peke yake.

"Mwili wake wa mbao uko wapi?"

"Niliuweka kwenye jeneza, Mkuu. Tanuri la kuchomea maiti halipokei chuma, nikakichomoa."

Mkuu akacheka taratibu. "Miaka thelathini mzee anauchonga mwili huo ukubaliane na chuma hiki, wewe umeuchoma siku moja. Hiki sasa kafungulie makopo."

Kafungulie makopo, Michiyo. Mbele ya mafundi wote.

"Nani alikupa akili hiyo?" Mkuu akamuuliza.

Shinpei hakunitazama. "Mimi mwenyewe."

"Basi shika mashine. Imetengenezwa kwa watu kama wewe."

Akaiwasha. Alipofika mwisho wa nguzo hakuizima. Ilinguruma hewani tu, naye ametugeuzia mgongo.

Chuma kitolewe, mbao iende na Baba. Ni mimi niliyesema hivyo pale kwenye jeneza, na wewe ulikuwa umenishika mkono.