Msimamizi Wetu wa Ndoa Ndiye Fundi, na Mkanda wa Zamani Hatukuuona

Mshauri wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Nakuandikia kutoka Mbulumbulu, mimi ni mama wa makamo, nimesoma hadi darasa la saba, ukikuta makosa unirekebishe, naomba unisaidie kwa jambo ambalo nimeshindwa kumpelekea hata paroko kwa sababu linahusu gari na naona aibu.

Mume wangu Patrisi na mimi tunafanya biashara ya vitunguu, tuna pikapu ya dizeli, kuukuu lakini ina nguvu, tuliinunua kwa mtu aliyekuwa akibebea vyakula vya wageni Ngorongoro, na kipima kilomita chake kilishakufa, hivyo hakuna ajuaye imetembea kiasi gani. Aliyetuuzia alisema kitu cha kwanza badilisheni mkanda wa taiming, ule wa mpira wenye meno unaokaa umefunikwa mbele ya injini, maana ukikatika gari linazima hapohapo, valvu zinagonga pistoni, na injini imekwisha. Basi tukanunua mkanda mpya Arusha tukampelekea baba Leonce, fundi wa Karatu mjini, ambaye ndiye alitusimamia siku ya ndoa yeye na mkewe mama Bernadina, na tangu siku hiyo tukigombana mimi na Patrisi ni kwao tunakwenda, wametupatanisha mara nyingi, Mungu awabariki. Siku ya kazi hiyo sisi tulikuwa msibani, tuliporudi gari lilikuwa tayari, akasema, "Nendeni kwa amani, wanangu." Kwa kawaida fundi hukurudishia kifaa cha zamani ukione kwa macho, yeye hakuturudishia, na sisi hatukuuliza, utamuulizaje mtu kama huyo?

Imepita miaka mitatu. Mwezi uliopita radieta ikavuja tukiwa mjini, baba Leonce amesafiri, tukaingia kwa fundi mwingine anaitwa Zablon, akainama akatazama, nikamwambia mkanda wa taiming tulishabadilisha, akasema, "Mama, nati za kifuniko hiki cha mkanda zimeshikana na tope la tangu enzi za mwenye gari wa kwanza. Aliyebadilisha mkanda alipitisha mkono wapi? Au aliubadilisha kwa maombi?" Watu waliokuwepo wakacheka. Patrisi akakasirika, "Funga boneti! Wewe gari la mteja wa mwenzio ukiliona lazima ulitafutie ugonjwa." Njiani akaniambia neno lile nisilirudie, kwamba tukianza kumdhania msimamizi wetu ni mwongo, siku tukikosana sisi wawili nani atatukalisha chini?

Sasa mshauri, tukitoka Mang'ola na magunia, pale mlima unapokuwa mkali mimi naomba kushuka, nasema nanyoosha miguu, napanda polepole nikisali rozari, na jirani yangu Sabina na kina mama wenzetu waliokaa juu ya magunia wananitania eti napunguza mwili, kisha wananisubiri juu. Jumamosi Patrisi akaniuliza, "Leo unamwombea nani?" Nikamwambia, "Naombea mkanda." Alicheka, lakini si kicheko kizuri. Wiki ijayo anakwenda mafungo ya parokia, gari litabaki nyumbani, na nimefikiria Zablon aje alichukue abadilishe kimyakimya, Patrisi asijue wala baba Leonce asijue. Je, ni dhambi?

Wako katika Kristu,
Mama Evarista

Mshauri anajibu:

Mama Evarista, milele amina. Nakuonea huruma, maana hujagombana na mtu na bado hulali. Lakini nitakukemea kwanza.

Wewe unashuka. Sabina na wenzake wanabaki juu ya magunia. Umewaambia kwa nini unashuka? Mkanda ukikatika pale mlimani injini itazima, breki na usukani vitakuwa vizito, na gari litarudi nyuma na mzigo wake, nao wakiwa juu yake, wewe umesimama kando na rozari. Hilo ndilo la kuungama, mama. La Zablon ni dogo.

Halafu umechanganya mambo mawili. Kama Leonce alisema kweli ni jambo moja. Kama mkanda uliomo ni salama ni jingine. Hata kama aliubadilisha siku ile, imekuwa miaka mitatu ya vumbi la Mang'ola, mizigo, na kilomita asizozijua mtu. Mkanda wa namna hiyo hausubiriwi ukatike. Unabadilishwa, na huhitaji kumshtaki mtu ili uubadilishe.

Usiende kwa siri. Patrisi akirudi mafungoni akute gari lilifunguliwa kwa Zablon, hapo ndipo mtamhitaji msimamizi, na hamtakuwa na uso wa kumwendea. Zungumza naye kabla hajaondoka: "Baba Evarista, sisemi baba Leonce ni mwongo. Nasema siwezi tena kupakia watu kwenye gari hili." Nunueni mkanda mpya pamoja na beringi inayoukaza, mpelekeeni Leonce huyohuyo, mwambieni gari limefanya kazi nyingi. Kisha kaeni hapohapo. Mama Bernadina akiwaita chai, aende mmoja, mwingine abaki na gari. Mkanda ukitoka, uombeni, muondoke nao.

Ukiwa ni ule mlionunua Arusha, mshukuruni Mungu na mnyamaze. Ukiwa wa zamani, msipige kelele gerejini. Patrisi amwendee nyumbani, peke yake, amuulize. Mtu aliyewapatanisha mara nyingi anastahili kujieleza akiwa ameketi, bila watu kusikiliza. Na akikataa kufungua injini mkiwa mmekaa, mshukuruni, mkaipeleke kwa Zablon mchana kweupe, mumeo akiwepo.

Hadi hapo pikapu isiteremke Mang'ola. Vitunguu vya wiki hii vipande lori la mtu mwingine, na Sabina mwambie sababu kwa mdomo wako, asije akaisoma hapa.