Waliozikwa Sebuleni

Etobicoke, Toronto
Novemba 2013

Dada yangu Ndeshi,

Familia ya Elirehema wa Toronto inasikitika kutangaza kifo cha kiatu chake cha kushoto, kilichotokea ghafla kisiwani Kipro kwa kutengana na soli. Marehemu ameacha mjane, kiatu cha kulia. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo, hasa wewe uliyenichagulia viatu hivyo kwenye mitumba pale Moshi na kuapa kwamba vitanizika. Vimetangulia.

Umecheka? Kama bado, rudia kusoma, maana huko mbele vya kuchekesha ni haba. Goti linaendeleaje? Na yule ng'ombe, ameacha kiburi? Sisi wazima. Mwanangu Upendo bado anaelewa Kiswahili chote na anajibu chote kwa Kiingereza.

Swali lako nimelipata. Nafasi ya kaburi la Mama pale kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, kando ya Baba, migomba imeanza kuiingilia, nawe wauliza umngoje aletwe au upande. Nitajibu, ila niache nizungukie Kipro kwanza.

Ni kisiwa kile kile cha Barnaba katika Matendo ya Mitume, ambacho siku hizi wanakiita Saiprasi. Sikwenda kuhubiri. Mzee Kostas, ninayemhudumia huku (namwogesha, namlisha, nabishana naye), alitaka kukiona kisiwa alikozaliwa kabla hajafumba macho, na wanawe wakaona heri anisumbue mimi. Basi nikasukuma kiti chake cha magurudumu juu ya kokoto mpaka kwenye kijiji cha mawe cha watu wa kale, wa kabla ya chuma, kabla hata ya vyungu.

Nilitaka kubisha hodi, Dada. Nyumba za mviringo, zimebanana ubavuni mwa kilima kama watu wanaoota moto. Nyingi zimebaki kuta za kufika magotini, ila chini ya kilima wamejenga chache upya. Ni misonge ya kwetu, tofauti ni mawe tu. Tukaingizwa katika mojawapo, na binti mwongoza wageni akagonga sakafu kwa kisigino.

"Wafu wao waliwazika hapa hapa ndani. Kisha wakaendelea kupika na kulala juu yao."

Wageni wakarudi nyuma, kila mtu akiangalia anapokanyaga. Mimi sikurudi. Nilimkumbuka Bibi akitusimulia kwamba hata kwetu, zamani, mwenye nyumba alizikwa ndani ya nyumba. Nikamkumbuka na Mama, siku ile alipofika kwetu ghorofani akauliza, "Chini ya sakafu hii kuna nani?" Nikamwambia kuna Mreno mmoja na mkewe. Akavua viatu. "Basi tukanyage polepole."

Alikanyaga polepole mpaka baridi ilipomkuta na kifua kikambana. Unayajua yaliyofuata. Kumsafirisha kulitushinda, tukamzika huku huku, makaburi ya Richmond Hill, ardhi ngumu kama chuma, kwa mashine.

Yule binti akaendelea: "Wengine waliwekewa jiwe zito kifuani. Wataalamu wanadhani ni ili marehemu asirudi."

"Jiwe!" Mzee Kostas akaguna. "Mke wangu angelinyanyua, aje aniulize nimekula nini."

Watu wakacheka. Mimi nilishindwa. Kumbe walikuwapo watu duniani walioogopa mama asije akarudi! Nikainama kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Soli ilikuwa imelegea tangu asubuhi; niliimalizia kuing'oa mwenyewe, Dada, kwa mkono wangu, maana mtu akiinama muda mrefu namna ile lazima awe na sababu.

"Eli, unalia?" Mzee akauliza.

"Kiatu, Mzee."

"Pole," akasema, na kwa mara ile moja hakubishana.

Sasa jibu lako. Panda, Dada. Panda migomba, usimngoje tena. Hatutamfukua.

Niliporudi nilinunua masale. Huku wanayauza dukani, ndani ya chungu, kama pambo. Upendo akaniuliza, "Baba, hilo si ua la benki?" Nikamwambia ni mpaka wa kihamba cha babu yako. Tukaenda naye Richmond Hill, tukayapanda kichwani pa Mama, naye mtoto akashindilia udongo kwa viganja. Tangu enzi za mababu, masale yalipo ndipo kihamba kinapoishia. Basi chetu kinaishia Richmond Hill, na Mama yumo ndani. Ukilala, lala ukijua hivyo.

Nisalimie shemeji, fundi wetu asiyemaliza kazi. Mama mdogo anayeongoza kwaya. Na mzee wa kanisa aliyewaombea siku ile mlipomlilia Mama bila jeneza.

Mdogo wako,
Elirehema

N.B. Jana sikuifunga barua. Leo baada ya ibada tumepita makaburini. Masale yameungua kwa baridi, yamekufa.