Koti Jekundu la Mpokea Mizigo

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikajikuta nimenyanyua kalamu, nasubiri marahaba yako. Basi, acha niendelee tu.

Nakuandikia nikiwa chumba namba kumi na nne, kile cha juu upande wa bahari, ambacho ulikuwa ukisema mlango wake ni mbishi. Bado ni mbishi, tunausukuma kwa nyonga. Walipolala wageni wawili wa hoteli sasa tunalala wasichana sita wa chuo, vitanda vya kupandana. Lile beseni refu la kuogea, ulilokuwa ukinisimulia kama vile ni ajabu ya dunia, tunahifadhia maji humo, maana bomba linatoa linapojisikia. Baa imekuwa chumba cha kusomea. Pale mapokezi anakaa matroni, na ile kengele yenu ya mezani bado ipo. Tumekatazwa kuigusa. Tangu ufariki, kila matroni akigeuka naigonga mara moja, kisha napita kama si mimi.

Baba, nimekuaibisha. Naona niliseme mapema kabla sijaanza kuzungukazunguka.

Unakumbuka siku uliyonileta hapa? Hoteli ilishafungwa zamani, wewe umerudi kijijini Miteja kulima ufuta wako, lakini siku ile ulilivaa koti la kazi makusudi, jekundu, vifungo umevisugua mpaka vinang'aa. Ulibeba tranka langu begani mpaka juu na goti lako bovu, ukanikataza kugusa hata ndoo. "Mgeni hashiki mzigo." Halafu ukagonga mlango, ukanitangaza, "Chumba tayari, mheshimiwa!" Wenzangu walicheka, wakakupenda palepale. Walidhani ni mtumishi wa chuo. Ulipoondoka wakaniuliza, yule mzee ana vituko, ni wa hapa hosteli? Nikasema, nadhani.

Neno moja tu hilo, na sikulirekebisha tena.

Siku tuliyokuzika, wenzangu walikuja Miteja na gari la chuo. Nilikuwa nimekaa nao jamvini, hujatolewa ndani bado. Ndipo Bi Somoe, mtani wako, akatokea nyuma ya nyumba amevaa lile koti, limefungwa mpaka shingoni, kofia ameilaza upande kama ulivyokuwa ukiilaza wewe. Akaja moja kwa moja kwa wenzangu, akanyakua mkoba wa Neema wa chumbani kwetu, huyo anaondoka nao anachechemea, goti lako lilelile. "Karibuni, waheshimiwa! Maji ya moto yapo! Yakikosekana nitawachemshia mwenyewe!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata Mama, ambaye tangu alfajiri hakuwa amenyanyua uso, niliona mabega yake yanatikisika.

Neema akanigeukia. "Kumbe yule mzee wa koti ndiye baba yako?"

Nikainuka. Nilimkamata Bi Somoe, mtu mzima kama yule, nikamvua koti kwa nguvu mbele za watu, kifungo kimoja kikarukia mchangani. Nikamwambia atoke, hapa si mahali pa upuuzi. Watu walidhani ni uchungu. Wakanishika, wakanipa pole, na mimi nikaipokea ile pole. Kumbe nilikuwa naona haya tu, haya ya koti.

Bi Somoe aliliokota koti, akalikung'uta mchanga, akalikunja, akaliweka jamvini, akaenda zake, na watani wengine wakamfuata. Ukazikwa kimya kama mtu aliyekufa ugenini. Wewe! Wewe uliyezuia jeneza la mume wake njiani, ukasema marehemu hapiti mpaka arudishe jembe lako. Bi Somoe siku ile alicheka huku machozi yanamtoka. Nilikuwepo, na nilikuwa mkubwa. Siwezi kusema sikujua mtani anakuja msibani kuwachekesha wafiwa.

Neema kwao ni Newala, utani anaujua. Njia nzima ya kurudi Lindi alinipa kisogo, anatazama dirishani. Tulipoingia chumbani ndipo akasema, "Umemfukuza mtani msibani kwa ajili yetu sisi?" Akapanda kitandani kwake akageukia ukutani. Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Hakuna aliyenicheka, na hilo linaniuma mpaka leo.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Bi Somoe. Nilikishona kile kifungo kwanza. Nilimkuta uani anapepeta ufuta, nikapiga magoti, nikaomba radhi. Aliniacha palepale, akaendelea kupepeta, makapi yote yananijia usoni, na najua alijipanga upande wa upepo makusudi. Mwishowe akasema, "Arobaini nitakuja. Ila nakuja kama mgeni, na mgeni wa baba yako hashiki mzigo. Nani atanipokea?"

Nikasema ni mimi.

"Ukiwa umevaa nini?"

Nilisita, Baba. Hata hapo, hata baada ya yote, nilisita. Kisha nikalitoa koti kwenye mfuko, nikalivaa mbele yake. Linanipwaya, mikono inanifika kwenye vidole. Bi Somoe alinitazama, akacheka mpaka ungo ukamponyoka na ufuta ukamwagika wote. Halafu akakaa chini akalia. Akaniambia koti lilikupendeza wewe, Baba, mimi nimekuwa kama kuku kaloa mvua. Tukaokota ule ufuta pamoja mpaka jua likatuchoma.

Jana nimewaambia wenzangu wote, chumba kizima. Mzee wa koti ni baba yangu. Alipanda ngazi hizi na mizigo ya watu ujana wake wote, na hakuwahi kulala humu hata usiku mmoja. Neema aliniuliza kitanda gani kingekuwa chako. Nikamwambia mpokea mizigo huchagua karibu na mlango. Sasa ametundika taulo lake kwenye msumari wa hapo mlangoni kama alama, akasema nafasi ya mzee isikaliwe ovyo.

Ijumaa ndiyo arobaini yako. Wenzangu wanakuja na gari la chuo. Bi Somoe ameahidi kuja na gunia zima la ufuta, anataka aone kama nitaliweza. Nitasimama barabarani na koti limefungwa mpaka shingoni, Mama ananiona, Miteja nzima inaniona. Nitachechemea kama wewe. Mtu akiniuliza mimi nani, nitataja jina lako kwa sauti.

Lala sasa, Baba. Wageni niachie mimi.

Mwanao,
Zuhura